Jumla Lazima Iwe Mia

Ripoti yangu ya kwanza ya uchunguzi wa uso wa metali ilinirudia na alama moja tu ya kalamu nyekundu. Nilikuwa nimeandika jedwali safi la mistari mitano: kaboni 50, oksijeni 25, chuma 16, kromi 8, nikeli 1. Jumla 100. Mzee aliyenipa sampuli, mtaalamu wa metali aliyeanza kuchunguza vyuma vilivyovunjika kabla mimi sijajua kusoma, alikuwa ameizungushia duara ile 50 na kuandika pembeni maneno mawili: "Ya nini?"

Nilicheka. Asilimia 50 ya atomu, ya nini tena? Lakini kadiri nilivyolizungusha swali kichwani ndivyo jibu lilivyoniponyoka. Atomu za wapi? Za kina gani? Na zile ambazo mashine haikuziona, nani kazihesabu? Miaka imepita, sampuli nimepima nyingi, na bado swali hilo hunijia kila nikitaka kuchapa jedwali.

Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Sampuli inawekwa ndani ya chumba cha chuma kilichofyonzwa hewa, kisha inapigwa na mwali mwembamba wa elektroni, mara nyingi wenye nishati ya elektronivolti (eV) 3,000 hadi 10,000. Elektroni inayoingia huweza kuing'oa elektroni ya ganda la ndani la atomu, tuseme ganda la K. Pengo hilo halikai wazi. Elektroni ya ganda la L, lililo nje yake, inashuka kuliziba, na nishati inayoachiliwa na mshuko huo lazima ipate pa kwenda. Pengine inatoka kama eksirei. Pengine inakabidhiwa elektroni nyingine ya ganda la L, nayo inarushwa nje. Hiyo iliyorushwa ndiyo elektroni ya Auger, na kilele chake kwenye mchoro wa idadi ya elektroni kwa kila nishati huitwa KLL kwa herufi za maganda yaliyohusika.

Uzuri wake ni kwamba nishati ya elektroni hiyo haijali mwali uliopiga ulikuwa mkali kiasi gani. Inatokana na ngazi za atomu yenyewe. Kwa hiyo kaboni utaikuta karibu na 272 eV, oksijeni karibu na 510, chuma 703, nikeli 848, shaba 920, iwe umepiga kwa 3,000 au kwa 10,000. Haidrojeni na heli hazionekani kabisa, maana mchezo huu unataka wachezaji watatu na wao hawatoshi. Lishike hilo la haidrojeni, nitalirudia.

Jina lenyewe lina dhuluma kidogo. Mwanafizikia Lise Meitner aliuandika mchakato huu mwaka 1922, akiwa Berlin. Pierre Auger, Mfaransa, aliuona kwenye picha za chumba cha ukungu, chombo kinachoonyesha njia za chembe, na kuuchapisha mwaka 1923. Jina likabaki la wa pili. Ikapita miaka 30 kabla ya J. J. Lander kupendekeza, mwaka 1953, kwamba elektroni hizi zinaweza kutuambia kilicho juu ya uso wa kitu, na hata hapo vilele vyake vilikuwa vipele tu juu ya usuli mkubwa wa elektroni nyingine. Mambo yalifunguka mwaka 1968 Larry Harris alipoonyesha ujanja mdogo: usichore idadi ya elektroni, chora mteremko wa mchoro wake. Usuli unaopanda polepole ukalala, vilele vikasimama wima.

Nirudi kwenye jedwali langu. Hesabu yake haimshindi mwanafunzi wa sekondari. Unapima urefu wa kila kilele kwenye mchoro wa mteremko, kutoka ncha ya juu hadi shimo la chini. Elementi hazina sauti sawa: fedha hupaza, kaboni hunong'ona. Kwa hiyo kila urefu unaugawanya kwa kigawo cha usikivu cha elementi hiyo, ambacho kwa kawaida hupangwa kwa kuilinganisha na fedha iliyopewa 1. Kisha unajumlisha majibu yote, na kila jibu unaligawanya kwa jumla.

Kwenye bamba langu la feleji isiyoshika kutu, kwa namba nilizozikata ili zisomeke vizuri, mambo yalikuwa hivi. Kaboni urefu 70, kigawo 0.14, jibu 500. Oksijeni 100 kwa 0.40, jibu 250. Kromi 24 kwa 0.30, jibu 80. Chuma 32 kwa 0.20, jibu 160. Nikeli 2.5 kwa 0.25, jibu 10. Jumla 1,000, na asilimia zikajipanga zenyewe.

Tazama hatua ya mwisho. Ile mia niliyoionea fahari hakuna aliyeipima. Imetokana na kugawanya kwa jumla, na ingetoka mia hata kama vigawo vyote vingekuwa vya uongo, hata kama ningepima mlango wa chumba badala ya sampuli. Mia haithibitishi kitu. Na ina tabia mbaya zaidi: inazifunga elementi kamba moja, ukimvuta mmoja wote wanasogea. Niamue kwamba kaboni ni uchafu wa hewani na kuitoa kwenye hesabu, chuma kinaruka kutoka 16 hadi 32, na hakuna atomu hata moja iliyohama mahali pake.

Sasa ile haidrojeni. Metali yoyote iliyokaa hewani huvaa vazi la kaboni, na sehemu kubwa ya vazi hilo ni haidrokaboni: mafuta ya vidole, mvuke wa pampu, mabaki ya kile kilichooshea. Tuseme kwa wastani kila kaboni imebeba haidrojeni mbili. Basi penye 500 yangu ya kaboni pana 1,000 ya haidrojeni, sawasawa na kila kitu kingine kwenye jedwali kwa pamoja. Jumla halisi ingekuwa 2,000, na kaboni yangu ya asilimia 50 ingekuwa 25. Nusu ya atomu za uso ule hazikuwa kwenye ripoti, na jedwali lilijumlisha mia kwa utulivu kabisa.

Nilipomaliza hesabu hiyo nilielewa kwa nini mzee hakuhangaika kuandika neno la tatu.

Lakini haidrojeni si kosa kubwa kuliko yote, maana angalau inajulikana kwamba haimo jedwalini. Kubwa ni dhana iliyojificha ndani ya fomula: kwamba elementi zote zimekorogwa sawasawa kama mchanga na saruji, kuanzia juu mpaka kina chote tunachoona. Bamba la feleji haliko hivyo. Juu kuna kaboni, chini yake oksidi yenye unene wa nanomita chache, chini ya oksidi metali. Ni matabaka, na mashine inayatazama yote kwa jicho moja kutoka juu.

Jicho hilo lina uoni mfupi, na ufupi wake hautoshani kwa kila elektroni. Mwali unaopiga unaweza kuzama hata mikromita nzima, lakini elektroni ya Auger inayozaliwa huko chini hugongana na kupoteza nishati njiani, ikaishia kuwa sehemu ya usuli. Zinazofika juu na nishati yake kamili ni zile zilizozaliwa karibu kabisa na uso. Wastani wa mwendo kabla ya mgongano ni kama nusu nanomita kwa elektroni za 50 hadi 100 eV, na huongezeka hadi nanomita 2 au 3 kwa zile zinazokaribia 2,000. Ukizidisha kwa tatu unapata kina kinacholeta takriban asilimia 95 ya kilele. Kwa lugha nyingine, kila kilele kwenye mchoro mmoja kimetazama kina chake, halafu sisi tunavigawanya kwa jumla moja.

Chukua tabaka la kaboni lenye unene wa nanomita moja. Elektroni ya 100 eV, yenye mwendo wa wastani wa nanomita 0.6 hivi, ikijaribu kupenya wima, zinafaulu 19 katika kila 100. Ya 800 eV, yenye wastani wa nanomita 2, zinafaulu 61. Metali ni ileile, blanketi ni lilelile, ila kilele cha nishati ya chini kimebanwa mara tatu zaidi ya cha nishati ya juu. Mwenye kuripoti asilimia kutoka kwenye kilele cha chini atasema elementi hiyo ni adimu. Kumbe imefunikwa tu.

Hapo ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii, kwa sababu kasoro hiyohiyo ikigeuzwa inakuwa chombo. Shaba ina kilele karibu na 60 eV na kingine kwenye 920. Ukiona cha 60 kimezama na cha 920 bado kimesimama, kuna kitu kimelala juu ya shaba, na uwiano wa vilele viwili hukuambia unene wake bila kumwomba mtu kigawo chochote cha kaboni. Jibu hilo halina asilimia ndani yake, nami nalithamini kuliko jedwali lenye nukta mbili za desimali.

Nilimpelekea mzee maelezo hayo nikidhani nimeshinda. Alisoma, akavua miwani.

"Kijana wangu, kromi umeisoma kwenye kilele gani?"

"Kwenye 529, mzee. Ndicho kirefu kuliko vyote."

"Na oksijeni iko wapi?"

Nikanyamaza. Oksijeni iko karibu na 510. Kwenye mchoro wa mteremko kila kilele kina ncha juu na shimo chini, na ncha ya kimoja ikiangukia karibu na shimo la jirani, urefu unaoupima ni wa wote wawili. Oksijeni ilikuwa kubwa, kromi ndogo, na sehemu ya kile nilichokiita kromi ilikuwa mkia wa oksijeni. Nilirudi kwenye mchoro nikapima kilele cha 571, kifupi zaidi lakini kiko mbali na jirani huyo, nikatumia kigawo chake chenyewe. Jibu la kromi likashuka kutoka 80 hadi 60. Asilimia ikawa 6.1. Kaboni, ambayo sikuigusa, ikapanda hadi 51. Chuma kikawa 16.3. Kosa la mmoja limelipwa na wote, ndiyo tabia ya ile kamba.

Uwiano wa kromi kwa chuma ukashuka kutoka 0.5 hadi takriban 0.38. Feleji ya aina ile hutengenezwa na kromi asilimia 18 na nikeli 8 kwa uzito, yaani ndani kabisa ya bamba uwiano huo wa atomu ni kama 0.27. Kwa hiyo kromi ilikuwa imejikusanya juu kweli, kama inavyofanya kwenye oksidi inayoikinga feleji na kutu, ila si kwa kiasi nilichokuwa nimetangaza. Kama ripoti ile ingetoka bila mzee kuisoma, mtu angeongeza bei ya kuosha mabamba kwa asidi akiamini namba ambayo robo yake ni oksijeni. (Vilele vya naitrojeni na titani vina ugomvi huohuo, karibu na 381 na 387, na nimeona watu wazima wakinuniana kwa sababu yake.)

Kuna jambo jingine la kipimo cha ncha hadi shimo: kinafaa pale tu umbo la kilele linapobaki lilelile. Umbo hubadilika atomu ikibadili majirani. Alumini tupu ina kilele kwenye 68 eV. Ikishika oksijeni kinashuka hadi hamsini na kitu na kubadilika sura. Kaboni ya grafiti na kaboni ya kabidi (kaboni iliyoungana na metali) zote ziko karibu na 272, lakini kabidi ina vinundu ambavyo grafiti haina, na kwa idadi ileile ya atomu urefu hautalingana. Wanaopima eneo chini ya kilele badala ya urefu wake hukwepa sehemu ya tatizo, kisha hubaki na kazi ya kuamua usuli unaishia wapi, na hapo kila mtu ana mkono wake.

Elektroni zinazorudi nyuma nitazipita haraka, ingawa vitabu huzipa kurasa nyingi. Mwali ukipiga metali nzito, elektroni nyingi hugeuka na kutoka tena, na njiani hung'oa elektroni za ndani kwenye tabaka la juu kwa mara ya pili. Kwa hiyo kaboni kiasi kilekile itatoa kilele kirefu zaidi ikilala juu ya dhahabu kuliko ikilala juu ya silikoni. Kuna fomula za kurekebisha hilo, kama zilivyo fomula za mwendo wa wastani walizotuachia watafiti Tanuma, Powell na Penn. Ninazitumia. Ila sijawahi kuona marekebisho ya namna hiyo yakiokoa kipimo ambacho kilele chake kilichaguliwa vibaya.

Niliyoyaona kwa macho yangu na sitayasahau ni ya silikoni. Nilikuwa na kipande chenye oksidi nene, kazi rahisi, nikategemea uwiano wa oksijeni mbili kwa silikoni moja. Silikoni ndani ya oksidi hutoa kilele karibu na 76 eV. Silikoni tupu hutoa kwenye 92. Mchoro wa kwanza ulikuwa sawa. Nikaacha mwali umesimama palepale nikaenda kunywa maji. Niliporudi, kwenye 92 kulikuwa na kijinundu. Nikachora tena: kimekua. Nikachora tena: kimekua zaidi, na oksijeni imeshuka. Mwali wangu mwenyewe ulikuwa unaivunja oksidi, oksijeni ikitoroka kwenye ombwe, na mimi nikipima kitu ambacho nilikuwa nakitengeneza. Tangu hapo kila sampuli yenye oksidi naipima mara mbili, mwanzo na mwisho, mahali pamoja. Michoro miwili ikitofautiana, ule wa mwisho unakwenda kapuni na wa kwanza nauangalia kwa jicho la pembeni.

Watu huniuliza kwa nini basi nisisafishe uso kabla ya kupima. Tunasafisha, kwa bunduki ya ayoni za agoni inayochonga atomu za juu. Kaboni inaondoka kwa dakika chache. Tatizo ni kwamba ayoni hazichongi kwa usawa. Kwenye aloi ya shaba na nikeli, shaba hung'oka upesi zaidi, na uso unaobaki una nikeli nyingi kuliko aloi yenyewe. Oksidi nyingi hupoteza oksijeni kwanza. Ile ya tantalamu, tunayoipenda kwa kupimia mwendo wa uchongaji, ni mojawapo. Uso uliosafishwa ni safi, lakini ni wa kwako, umeuumba asubuhi hiyo. Wala hausubiri: kwenye ombwe la sehemu moja ya milioni ya torr (kipimo cha shinikizo la gesi), gesi iliyobaki inaweza kuufunika kwa tabaka zima ndani ya sekunde moja hivi, kama kila molekuli inayogonga itaganda. Ndiyo sababu tunashuka mara elfu au elfu kumi chini ya hapo, na bado saa inahesabiwa.

Kinachosaidia kweli ni kazi ya kuchosha. Unatafuta sampuli ya rejea ambayo muundo wake unajulikana na unaofanana na wa kwako, unaiweka kwenye kishikio kimoja, unaichonga kwa ayoni zilezile, unaipima siku ileile kwa mwali uleule na pembe ileile. Kigawo unachopata hapo kimekwisha kumeza tabia za mashine yako, umri wa kihisio chako, hata namna unavyopima ncha na shimo. Kuna kiwango cha kimataifa kuhusu vigawo vya namna hiyo, ISO 18118, na ni kimoja cha viwango vichache ninavyovisoma bila kusinzia. Vigawo vya kitabuni, vilivyopimwa kwenye elementi tupu na mashine ya mtu mwingine, vinaweza kukukosesha kwa asilimia 20 au 30 ya namba yenyewe bila wewe kufanya kosa lolote. Kromi 6 ikawa 5, ikawa 8. Halafu mtu anaandika 6.12.

Ripoti ya pili niliyompelekea mzee haikuwa na asilimia ya kaboni. Ilikuwa na mchoro mzima ukurasa wa kwanza, uwiano wa kromi kwa chuma, majina ya vilele nilivyotumia, nishati ya mwali, chanzo cha vigawo, na makadirio ya unene wa vazi la kaboni. Kurasa tatu badala ya mistari mitano. Alisoma mpaka mwisho, kisha akaweka kidole kwenye kilele kidogo cha 848.

"Nikeli yetu imekwenda wapi? Ukiondoa oksijeni na kaboni, yeye ni 4 tu katika 100 ya metali humu. Ilipaswa kuwa karibu 8."

Nikamweleza ninavyoelewa: oksidi hujengwa na kromi na chuma, nikeli huachwa nyuma na kujilimbikiza kwenye metali iliyo chini yake tu. Tunaiona kidogo kwa sababu iko chini ya paa.

"Unaelewa au umeona?"

"Naelewa, mzee."

Akarudisha bamba kwenye kikasha chake, akanisogezea. "Basi chimba. Na ukichimba, uniambie kipi ulikikuta na kipi umekifanya wewe."

Kesho yake nililifunga bamba kwenye kishikio, pamoja na kipande cha feleji ileile kilichokwanguliwa hadi metali tupu, kiwe rejea. Nikasubiri ombwe lishuke. Karibu saa sita mchana sindano ikatulia, nikawasha bunduki ya ayoni kwa sekunde 30, nikaizima, nikachora kilele cha 848.